Shemeji Wawili, Benchi Moja

Katika zahanati ile wazee hawasimami foleni. Wanaweka viatu. Mtu akifika anavua kimoja, anakipanga nyuma ya kiatu cha mwenzake, kisha anakwenda kukaa kwenye benchi la ukutani, kivulini, mguu mmoja pekupeku. Kimoja tu, kwa sababu mwenye kiatu kimoja hafiki mbali, na mwizi wa kiatu kimoja bado hajazaliwa. Dirisha la dawa likifunguliwa, aliye karibu anavisogeza vyote kwa fimbo yake. Hakuna anayeruka zamu. Ujaribu uone.

Mzee Spana, fundi bomba aliyestaafu kwa sababu ya magoti, alikuwa akipanga kiatu kisicho chake. Kilikuwa cha mkewe, kiatu cha kitambaa cha bluu, kisigino kimelika upande. Mkewe alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, akawa mtu wa kulazwa na kugeuzwa. Dawa ya presha ndiyo iliyomshikilia asipigwe tena, na dawa yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Siku nyingi muuguzi alitoa kichwa dirishani akasema, "Wazee wangu, ya presha hakuna," na viatu vikarudi miguuni bila mtu kuuliza swali. Dukani ilikuwapo, sikatai. Lakini fundi aliyekula jasho lake la kutwa maisha yake yote hana pensheni, na duka halikopeshi.

Utadhani mzee huyo alikuwa na uchungu. Alikuwa nao zamani, ukachakaa, ukaisha. Sasa alikuwa ganzi tupu. Aliamka, akamgeuza mke, akamfuta, akamnywesha chai kwa kijiko, akabeba kiatu, akaenda. Watu wakimwambia pole, alijibu ahsante kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Na dawa ilikuwa na njia, hilo ndilo linaloudhi. Baraza la mji lingeweza kupitisha azimio: dawa za wazee bure, na posho ya kila mwezi kwa asiye na pensheni. Lakini baraza lilikuwa nusu kwa nusu, chama cha Ngazi huku, chama cha Kikapu kule. Azimio lililetwa na Ngazi, Kikapu wakakunja mikono. Likaletwa na Kikapu, neno kwa neno lile lile, Ngazi nao wakakunja. Watu wazima na akili zao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hawa walikuwa wameshiba mpaka wanasinzia.

Wazee nao, tuseme kweli, hawakuwa bora zaidi. Benchi la mlangoni lilikuwa la Ngazi na benchi la karibu na bomba lilikuwa la Kikapu, na ole wake atakayekosea. Spana alikuwa Ngazi damu. Kinara wa benchi la pili alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe wa tumbo moja, dereva wa lori wa zamani ambaye mji mzima ulimwita Breki. Hawakuwa wamesemezana tangu msimu wa uchaguzi uliopita, waliponyang'anyana kiti harusini mbele ya wakwe. Breki alikuwa akienda kumwona dada yake wakati Spana hayupo. Spana alijua kwa harufu ya tumbaku chumbani.

Basi siku moja, muuguzi alipokwisha kusema hakuna, Breki aliinuka akavuka uwanja na mguu wake mmoja pekupeku, akasimama mbele ya benchi la Ngazi.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Jana dada kaniambia neno. Ulimi wenyewe mzito, nilimsikiliza kwa taabu. Kasema, 'Kaeni.' Nikamwambia, mbona nimekaa. Akakasirika. Akasema, 'Wawili. Kaeni wawili.'"

Spana alimtazama, kisha akajisogeza. Breki akakaa. Bibi mmoja aliyekuwa kazini sokoni miaka mingi, mdomo wake hauna pazia, akasema leo mvua ya mawe itanyesha, anueni nguo.

Walichokipanga hakikuwa na ufundi. Kila mmoja angewapelekea madiwani wa chama chake maneno yale yale: uchaguzi unakuja, na sisi wazee ndio tunaodamka kupiga kura wakati vijana wenu wamejifunika shuka. Safari hii tutakuja kituoni, tutapanga viatu, tutakaa. Kura hatupigi, mpaka tuwaone mmeinua mikono pamoja.

"Na siku ya baraza tunakwenda wote," Breki alisema. "Tunakaa mchanganyiko, wakituangalia wasijue nani wa nani. Lakini asiinuke mtu. Wakiinuka wa upande mmoja tu, watasema wazee wamegawanyika, na hapo hapo wamepata mlango wa kutokea."

"Asiinuke mtu," Spana alikubali.

Madiwani waliposikia mabenchi yamechanganyika kweli, jasho likawatoka. Wakaja zahanati wenyewe, kiongozi wa Ngazi na kiongozi wa Kikapu, kila mmoja na tabasamu lake. Bibi wa sokoni akawaambia hapa hakuna mkubwa, vueni kimoja kimoja. Wakavua. Viatu vya ngozi vinavyong'aa vikakaa mwisho kabisa, nyuma ya kandambili iliyofungwa kwa waya, na wenyewe wakakaa wamekunja vidole ndani ya soksi. Dirisha lilipofunguka, muuguzi akasema kama kawaida yake kwamba ya presha hakuna. Hakuna aliyelalamika. Nadhani huko kutolalamika ndiko kulikowatisha. Azimio likapangiwa Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Spana alimnywesha mkewe chai. Kijiko cha kwanza kikaingia. Cha pili kikatoka pembeni mwa mdomo, akakifuta, akangoja ameze. Akangoja sana. Kisha akaelewa.

Alimfumba macho. Akamnyoosha, akamfunika, akamweka mkono wa kulia vizuri, ule uliokuwa umetangulia. Chai ilikuwa bado ya moto. Akainywa, maana haikuwa na mtu tena. Alikaa akitegemea kitu kije, kilio au kizunguzungu, hakikuja kitu.

Akagonga kwa jirani, mjane muuza mkaa aliyekuwa rafiki wa mkewe tangu ujana wao. Mama Mkaa alipoingia na kuona, alifungua mdomo, naye Spana akamshika bega.

"Usilie."

"Shemeji?"

"Usilie mpaka nirudi. Ukilia wewe, mtaa mzima unakuja. Taarifa itafika barazani, Breki atainuka, na Breki akiinuka Kikapu wote wanamfuata. Dawa haitapita tena mpaka sisi sote tuishe. Kaa naye tu."

"Kaka yake hajui?"

"Yeye hasa asijue."

Mama Mkaa alimtazama kama anavyotazamwa mwendawazimu wa heshima. Kisha akakaa kando ya kitanda, akauma pindo la nguo yake.

Barazani Breki alikuwa amemwekea shemeji yake nafasi kwenye benchi. Alikuwa na furaha ya mtoto. Aliona kitu kimechomoza mfukoni mwa koti la Spana, akacheka.

"Umekuja na kiatu cha dada? Hapa hakuna foleni, shemeji."

Spana akashika mfuko. Hakukumbuka kukibeba. "Mazoea," akasema.

"Amekunywa chai?"

"Kidogo."

Madiwani wakaanza kuongea, na wao wakianza kuongea ujue umekwisha. Huyu anamshukuru yule, yule anamkumbusha huyu nani alianza. Mara kwa mara mmoja aligeuka kutazama mabenchi ya wazee, macho yakitafuta watu wake na kutowapata. Kiongozi wa Kikapu akapendekeza jambo liahirishwe likatafakariwe. Hakuna mzee aliyetikisika. Breki alimminya Spana goti, lile bovu zaidi, na Spana hakusikia maumivu. Alikuwa akiwaza kwamba dirisha la chumba ameliacha wazi na inzi wataingia.

Mwisho mikono ikainuliwa. Ngazi kwanza, shingo upande, kisha Kikapu, kisha wote. Wazee hawakupiga makofi, walikuwa wamechoka. Breki ndiye aliyemkumbatia shemeji yake mbele ya watu, machozi yanamtoka.

"Dada atapata dawa," alisema. "Umesikia? Kila mwezi."

"Breki. Dada yako amefariki."

Breki hakumwachia mara moja. "Lini?"

"Asubuhi. Akinywa chai."

Hapo akamwachia. "Nimekaa hapa nacheka. Umekaa kando yangu, nacheka, na dada yangu amelala kule."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na haki gani?"

"Sikuwa nayo."

Breki aliinua mkono, na Spana akautazama tu. Angepigwa angeshukuru, huenda angesikia kitu. Mkono ukashuka, ukachomoa kiatu mfukoni mwa koti. Breki akatoka nacho, na Spana akamfuata. Walitembea njia nzima huyu mbele, yule nyuma. Nyuma yao wazee walianza kuelewa, wakaja polepole, wa benchi hili na wa lile.

Mtaa ulikuwa kimya. Nyumbani Mama Mkaa alikuwa pale pale alipoachwa, pindo la nguo mdomoni, limelowa mpaka kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa ametoa sauti asubuhi yote. Alimtazama Spana, akatoa pindo mdomoni.

"Imepita?"

"Imepita."

"Sasa nilie?"

Spana akaitikia kwa kichwa. Mama Mkaa akalia. Breki akapiga magoti, akalia, na nje wazee wakapokea. Spana alikisikia kilio kama cha nyumba ya watu wengine. Alichukua kiatu mkononi mwa shemeji yake, akainama kwa taabu, akakiweka chini ya kitanda kando ya mwenzake, na kukigeuza kidogo ili vilingane. Kisha akakumbuka dirisha, akaenda kulifunga.