Besi Wameingia Mapema

Jumamosi hiyo Edina alishuka kwenye basi pale Mpwapwa akiwa hana hata hamu ya chai, na yeye ni mtu wa chai. Mkobani alikuwa na fyugu yake, imeandikwa, imefutwa, imeandikwa tena mpaka karatasi zimeanza kutoboka. Kesho yake, mwisho wa ibada, Mwalimu Obedi angekaa kwenye kinanda cha kanisa kwa mara ya mwisho. Baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vidole, na mwanawe alikuwa anakuja kumchukua wakaishi wote Dodoma mjini. Mwalimu alikuwa ameahidi: fyugu ikikamilika, ataaga nayo. Isipokamilika, atapiga wimbo wa kitabuni kama siku zote, na mambo yaishe.

Edina alitaka kuisikia ikitoka kwenye vidole vile vile vilivyomfundisha do iko wapi.

Fyugu, kwa asiyeijua, ni muziki wa kinanda wa Wazungu wa enzi za mawigi. Sauti moja inaanza peke yake na kiwimbo kifupi. Hujakizoea vizuri, sauti ya pili inakidaka, ya kwanza inaendelea na mambo yake pembeni, inaingia ya tatu, inaingia ya nne, mpaka zote zinasema kwa pamoja na hakuna inayomfunika mwenzake. Wengi wakisikia hayo wanaulizana nani kakosea. Edina aliyapenda kwa sababu ya kazi yake. Yeye ni mwandishi wa Hansard bungeni, analipwa kusikiliza waheshimiwa wakikatishana maneno na kuandika nani kasema nini. Baada ya kutwa nzima ya kelele hizo, muziki ambao wote wanasema na kila mmoja anasikika ulikuwa kwake kama maji ya mtungini.

Kasoro ilikuwa moja tu, na ilikuwa mwishoni. Pale sauti hazitakiwi kusubiriana tena. Ya pili lazima iingie wakati ya kwanza iko katikati ya maneno, zibanane, na bado zipatane. Za Edina zilikuwa zinagongana kila alipozisogeza. Mwalimu alikuwa ameshairudisha kazi hiyo mara kadhaa, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Bado, binti. Zinasubiriana kama wagonjwa kwenye foleni."

Alimkuta kanisani, kajikunja kwenye benchi la kinanda, anajisugua vidole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Imekubali?"

"Haijakubali." Machozi yalikuwa karibu, na hakuyaficha.

Mwalimu akachukua karatasi, akazisogeza mbali na macho. "Leo kwaya ina mazoezi. Wape waimbe. Kinanda kinakubembeleza, midomo ya watu haibembelezi."

Basi kwaya ikapewa fyugu. Walikuwa wanasoma do-re-mi vizuri tu, ila walinung'unika kidogo kwamba wimbo hauna maneno. Anyesi, kiongozi wa sauti ya pili, akauliza kama Mungu ataelewa. Kisha wakafanya kama kwaya zote za huku zinavyofanya wimbo ukiwa mpya: kila sauti ikashika kona yake. Soprano mlangoni, alto nyuma ya kanisa, tenor karibu na madhabahu, na besi wakasukumwa kwenye chumba cha mchungaji kwa sababu ya makelele yao. Kila kona ikaanza kujifunza kivyake, kwa wakati mmoja. Mgeni angeziba masikio. Edina, kwa mazoea ya kazini, aliyatega.

Kiongozi wa besi alikuwa Mazengo, dalali wa mahindi kutoka Kibaigwa, mtu ambaye hata kula anakula amesimama. Siku hiyo alikuwa na lori linapakia kule sokoni, na kila alipokumbuka aliwaharakisha wenzake. Tenor wakaanza kiwimbo polepole: do, re... Hawajafika katikati, Mazengo, kule chumbani, akaona anacheleweshwa. Akalipuka na besi wake wote nyuma yake, mapema, tena wakianzia so ya chini badala ya do.

Edina akaruka kutoka kwenye kiti. Sauti mbili zile zilikuwa zinabanana, moja juu ya nyingine, na hazikugongana popote! Zilishuka pamoja na kupanda pamoja. Akakimbia mpaka chumbani, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Mazengo! Rudieni hapo!"

Mazengo akavua kofia kwa aibu. "Samahani sana, dada. Tumewahi. Haya jamani, tusubiri zamu yetu."

"Hapana, msisubiri! Koseeni tena!"

Lakini mtu akishaambiwa akosee, hakosei. Mazengo alihesabu kwa vidole, akatazama dari, akaingia kwa adabu kabisa, palepale palipoandikwa. Akarudia, akaingia vizuri zaidi. Edina alishika kichwa. Kitu alichokisikia kilikuwa kinamponyoka, na tenor walishaanza kuchoka.

Mwalimu Obedi akaja mlangoni, akaegemea. "Tenor, anzeni," alisema. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mazengo, hivi lile lori lako bado linakusubiri?"

"Mungu wangu!" Mazengo akapiga kelele, akawapungia wenzake mkono, na besi wakaingia mbio mbio, mapema, kwenye so ya chini.

Edina aliandika akiwa amepiga magoti sakafuni, anacheka na kulia kwa pamoja. Mwalimu aliinama akasoma juu ya bega lake mpaka mstari wa mwisho. Safari hii hakusema "bado".

Jumapili kanisa lilijaa. Mwalimu alianza fyugu kwa upole, sauti moja, halafu ya pili, na Edina aliyekaa kiti cha mbele alikuwa anazihesabu kwa vidole. Watu walishaanza kukitambua kile kiwimbo. Kila kiliporudi, kina mama wa nyuma walipiga kigelegele kama wamemwona ndugu. Edina alitamani kuwakumbatia wote.

Wakafika pale pa kubanana. Mkono wa kulia ukaanza. Mkono wa kushoto ukanyanyuka, vidole vikakataa kukunjuka, na ukarudi gotini. Edina alifumba macho. Pengo lile angeweza kulisikia hata akiwa kaburini.

Halikuwepo. Kutoka kwenye viti vya kwaya sauti nene ilipasuka, mapema, kwenye so ya chini. Mazengo alikuwa amesimama, wenzake wakimfuata mmoja mmoja, na kanisa zima likasimama nao. Mwalimu alipiga mpaka mwisho kwa mkono mmoja, anacheka waziwazi.

Vigelegele vilipotulia Edina alimfuata kwenye benchi, akamshika ule mkono wa kushoto.

"Tangu asubuhi nilijua mkono huu hautafika," Mwalimu alimwambia. "Lakini nilijua pia kuna mtu hawezi kusubiri."