Moyo Kwenye Sinia

Shafik hakuwa akiona tangu utotoni, na shuleni kila somo la sayansi lilipofika kwenye mchoro wa ubaoni, aliambiwa akapumzike nje. Kwa hiyo Naigaga, aliyesoma naye chuo kimoja mjini Jinja, alipomwomba waanzishe podikasti ya sayansi, alicheka.

"Umekosa mtu mwenye macho?"

"Nimekosa mtu mwenye maswali," alijibu Naigaga, aliyekuwa akisomea baiolojia.

Walirekodi chumbani kwa Shafik, mtaa wa Mafubira, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Walitumia Kiswahili ili wafike Jinja, Mbale na hata ng'ambo ya mpaka, Kenya, ingawa wenzao waliwatania kwamba nchini kwao hiyo ni lugha ya wanajeshi. Siku ya kwanza Naigaga alisoma habari za moyo kutoka kitabuni. Shafik alisikiliza hadi mwisho.

"Maneno nimeyasikia," alisema. "Moyo sijauona."

Naigaga aliguna, akatoka. Aliporudi alikuwa na moyo mzima wa ng'ombe kutoka buchani. Aliuweka kwenye sinia, akaanza kurekodi upya, akaushika mkono wa Shafik.

"Ingiza kidole. Niambie."

"Hapa ukuta mwembamba... Ngoja! Upande huu mnene kama tairi! Kwa nini?"

"Ule mwembamba unasukuma damu hadi kwenye mapafu tu, hapo jirani. Huu unaisukuma mpaka kwenye kucha za miguu."

Shafik alipiga kelele kwa furaha. Kelele hizo hawakuzifuta, na ndizo watu walizopenda. Mafundi wa gereji walisikiliza, wauza nguo wakarushiana kipindi kwa simu, hadi mwaliko ukatoka Mbale: waje wafanye kipindi mbele ya watu, kwenye ukumbi mmoja wa eneo la viwanda.

Siku hiyo Shafik alisikia ukumbi ukivuma. Walikuwa katikati ya kipindi, moyo mwingine wa ng'ombe mezani, sauti nzito ilipotoka nyuma.

"Samahani, vijana. Naitwa Omollo, dereva wa lori, natoka Kenya. Nina presha. Daktari alisema ukuta wa moyo wangu umenenepa. Nikadhani ni mafuta, nikaacha nyama. Dawa nazo nikaacha, maana siumwi."

Naigaga alitaka kujibu, lakini Shafik alimgusa bega.

"Njoo hapa, mzee."

Alikishika kidole cha Omollo, kinene, kigumu kwa kazi, akakiingiza polepole.

"Ukuta wenyewe ndio huo. Si mafuta, ni msuli. Presha ikipanda, kila pigo moyo unasukuma kama mtu anayesukuma lori lililozimika. Msuli unajaa, unajaa, mwisho unachoka."

"Na dawa?"

"Inaupunguzia mzigo. Ndiyo maana unameza hata kama huumwi."

Omollo hakukitoa kidole chake haraka.

"Miaka yote naambiwa meza," alisema. "Leo ndiyo nimejua kwa nini. Kesho narudi kwa daktari."

Vigelegele vililipuka. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakaja mbele kupanga foleni, mama mmoja akiuliza kwa sauti figo italetwa lini.

"Foleni imefika wapi?" Shafik alimnong'oneza Naigaga.

"Imetoka nje ya mlango."

Shafik alikunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko. "Taratibu, jamani," aliita. "Kila mtu atagusa."