Jani Moja, Majani Matatu

Tawi lilikuwa limelazwa juu ya kigoda, maua yake ya njano yameanza kusinyaa, na watu wa ukoo wamelizunguka kama wazungukavyo maiti. Ndama wa Mama Rozalia alikwisha kufukiwa tangu jana. Kilichobaki ni hukumu, na kwa hiyo mwaka ule wa hamsini na nne aliitwa Ezekia, bwana shamba wa Ipogolo.

"Kamwene, bwana shamba," Rozalia alimsalimu kwa Kihehe. "Mkamwana wangu huyu kamlisha ndama sumu. Anadai kwao Tukuyu mmea huu ni mboga. Nawe ni wa huko huko. Ukisema ni uongo, kesho anarudishwa kwao."

Tupokigwe, bibi arusi wa miezi minne, aliinamisha kichwa.

Ezekia alilishika tawi. Mmea wa jamii ya kunde, na jamii hiyo ndugu hufanana kupita kiasi. Alipasua ganda, akazitazama mbegu, kisha akayageuza majani moja baada ya jingine.

"Hasemi uongo, mama. Ule wa kwetu una majani matatu kwenye kikonyo kimoja, nao huliwa. Huu una jani moja moja. Maua ndiyo yale yale."

Watu walishusha pumzi. Rozalia hakushusha. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki yake ilikuwa na meno. "Vema. Hakukusudia. Lakini mgeni huuliza. Kwa nini hukuuliza, Tupokigwe?"

Tupokigwe alizidi kuinama. Hata jicho hakumtupia Ezekia.

Hapo moyo wa Ezekia ukamsuta. Wiki mbili nyuma alikuwa akipita na baiskeli, binti huyu akamwonyesha tawi kama hili: "Kaka, huu si ule wa kwetu?" Naye, kwa furaha ya kusikia Kinyakyusa ugenini, alijibu huku akikanyaga pedali: ndio huo huo. Sasa angeweza kunyamaza. Binti huyu alikuwa tayari kulibeba kosa la Ezekia hadi Tukuyu.

"Aliuliza, mama," alisema, aibu ikimchoma masikio. "Aliniuliza mimi. Sikushuka hata kwenye baiskeli."

Rozalia alilichukua tawi mkononi mwake. "Basi haendi mtu," alisema. "Ila ndama wangu, bwana shamba, alikuwa na jina."

Ezekia alimpa pole. Akamgeukia Tupokigwe amwombe radhi, lakini yule akamtangulia.

"Nisamehe, kaka," alisema kwa upole. "Nilikuona una haraka, nikauliza hivyo hivyo."