Mukalay Anapanda Bila Sauti

Mi si mtu wa kulia ovyo. Mi ni mtu wa kukasirika, ulizeni mtaa wetu wote wa Manika, ulizeni hata wenzangu wa ofisi ya hati za kuzaliwa. Kwa hiyo siku mama yangu aliponinyooshea simu yake akasema, "Laurentine, Mukalay amenyamaza," mi sikulia. Niliikasirikia simu.

Mukalay ni mdogo wangu. Alikuwa akichimba kobalti, na mwaka jana, mwezi wa nane, shimo liliwaangukia yeye na wenzake watatu. Hatukupata mwili. Wakubwa wa pale walisema kufukua ni kuua wengine, wakaleta tingatinga, wakafunga shimo. Sisi tukazika sanduku lenye suruali yake ya Jumapili.

Kabla ya hapo, kwa miaka miwili, tulikuwa tukitengeneza mchezo wa simu, yeye na mi. Hakuna aliyetuagiza. Mi nilijifunza kuandika programu kwenye kompyuta kuukuu ambayo ofisi ilitaka kuitupa. Yeye aliyajua mashimo. Baada ya misa aliketi kando yangu akinisahihisha, mi dada yake mkubwa, yaya wake: "Yaya, kamba haiendake vile. Yaya, mutu hashukake na viatu!" Katika mchezo unawashusha wachimbaji kwa kamba, wanajaza mifuko, unawavuta juu. Na timu yake ilikuwa na sheria: anayepanda lazima apaze sauti kabla kichwa hakijatokeza, ili walio juu wajue wanavuta mtu, si mzigo. Kila mmoja alikuwa na mwito wake. Basi Mukalay akataka kila mchimbaji wa mchezo awe na sauti ya kweli, nami nikaweka ukurasa wake: unaandika jina, unabonyeza, unasema, kwisha. Rafiki yake Stany akaimba kidogo. Guelord akatukana, tukamwacha na tusi lake. Mukalay akasema, "Mama ee, narudia! Weka bukari ku moto!" Yaani anarudi, Mama asonge ugali.

Siku ile Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanawe alipokufa, mchezo ukageuka sala. Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Mama alimshusha Mukalay, akamvuta, akamsikia, kisha akaenda kwenye kazi zake. Hakujaza mfuko hata mmoja. Na sauti ile ndiyo peke yake iliyobaki, maana simu ya Mukalay ilifukiwa naye, na kutuma ujumbe wa sauti hakukupenda hata siku moja.

Sasa imenyamaza. Stany anaimba, Guelord anatukana, Mukalay anatokea mdomo wazi, bila neno.

Nilijua wa kumlaumu. Mama alikuwa ametoka tu Tenke, alikokaa miezi miwili kumwogesha mtoto mchanga wa Joyeuse, mjane wa Mukalay. Simu yake nilirudi nayo mi kabla yake, kioo kimepasuka, nikampelekea Lucien fundi. Mchezo sikuufungua. Mama anaweza kumsikia Mukalay, mi siwezi. Basi nikapanda pikipiki ya taxi-moto mpaka kwenye meza ya Lucien sokoni.

"Ulifanya nini telefone ya mama yangu?"

"Mi nilibadilisha kioo tu, mama."

"Kioo tu! Na sauti imeenda wapi, umeila?"

Watu wakageuka. Lucien, maskini, akawasha simu, akaweka wimbo, ukalia mpaka muuza karanga akatikisa mabega. "Sauti iko muzuri. Tatizo iko mu muchezo yako," akasema polepole. Nilimwambia mambo ambayo mkristo hayasemi sokoni, nikaondoka.

Alikuwa amesema kweli. Nikaifungua programu. Ina mistari elfu nne, na mingine niliiandika wakati ambapo hata mi sikujua ninafanya nini. Kwanza nikashuku kamba: labda Mukalay anafika juu upesi kuliko sauti. Wapi! Nikashuku kelele za wengine zinamfunika. Nikawatoa wote, nikamwacha peke yake shimoni. Akapanda kimya. Nikampa Stany sauti ya Mukalay. Stany naye akawa bubu. Nikampa Mukalay tusi la Guelord, akatukana vizuri kabisa, mdogo wangu ambaye hakutukana hata mbwa. Nilifunga kompyuta kwa kishindo.

Juma zima ilikuwa hivyo, kila nikitoka kazini. Mama alileta kigoda chake akaketi kando yangu, mahali pa Mukalay, mikono mapajani.

"Bado?"

"Bado, Mama."

Uwanja haukufagiwa juma lile. Chakula alikisogeza tu kwenye sahani. Siku ya nne akaniuliza kama inawezekana Mukalay amekasirika. Nikamjibu vibaya, nikamwambia programu haina kukasirika, ina makosa tu, na kosa nitalipata hata likijificha wapi. Nilisema kwa kiburi, Mungu anisamehe.

Jumamosi, Mama akiwa nje anafua, niliacha kusoma mistari nikaenda kutazama faili zenyewe. Ya Mukalay ilikuwepo. Sekunde tatu. Tarehe kumi na moja, mwezi wa pili, mwaka huu.

Mwezi wa pili Mukalay alikuwa na miezi sita ardhini.

Nikavaa vipokea sauti masikioni, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Si kimya. Kuna pumzi. Inaingia, inatoka, inaingia. Hapo nikajua.

Tarehe kumi na moja tulikuwa Tenke, siku ya kumpa jina mtoto wa Joyeuse. Kwetu jina la marehemu halizikwi, anapewa anayezaliwa nyuma yake. Mtoto akaitwa Mukalay. Mama akanipa simu yake, uso unang'aa: "Na huyu umuweke mu muchezo. Akae ku nyumba, angojee baba yake." Nikafungua ukurasa, nikaandika Mukalay, nikabonyeza, nikingoja acheke. Mtoto kalala. Nikasema basi, nitarudia kesho, na kesho nikasahau.

Programu inahifadhi sauti kwa jina. Ukiandika jina lililomo, sauti mpya inakaa, ya zamani inafutika. Haiulizi, kwa sababu mi sikuifundisha kuuliza. Mi! Mtu ambaye kazini kila siku namwambia kila baba anayekuja na mtoto, "Jina halitoshi, tata, tunaweka na namba," kwa maana hapa Kolwezi wenye jina moja wanaweza kujaza minibasi! Nikakimbilia nakala ya kompyuta. Kila ninapoichomeka simu, kompyuta inachukua mpya na kutupa ya zamani. Hilo nalo niliandika mwenyewe, na siku ile nilijipongeza.

Sikumsikia Mama akiingia. Alinikuta nimekaa nimejishika kichwa, akadhani nimepata. Akanivua vile vipokea sauti kwa mikono yenye povu, akavaa.

Akasikiliza. Akabonyeza tena. Uso wake ukafunguka, kisha ukabadilika.

"Anapumua," akasema.

"Mama..."

"Anapumua, Laurentine. Huyu ni mutu iko analala mu giza." Akabonyeza tena. "Walituambia alikufa palepale. Walisema hakusikia kitu. Kumbe alikuwa anapumua mule! Anapumua, na bale batu banafunga shimo!"

Ningeweza kunyamaza. Nusu dakika nilitaka kunyamaza, kwa maana niliogopa. Lakini ningemwachaje mama yangu na jambo kama lile, mwanawe hai chini ya tingatinga?

Nikamvua vipokea sauti. "Mama, si yeye. Ni mutoto wa Joyeuse. Nilimurekodi siku ya jina, analala."

"Na yangu?"

"Imefutika."

"Nani ameifuta?"

"Mi, Mama. Mi njo nimeifuta, na haina kurudi."

Nilimngojea anipige, ningeshukuru. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakifunga kiunoni, akatoka mpaka uwanjani, akakaa chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele. Ndipo akapiga yowe. Mwezi wa nane hakulia hivi. Mwezi wa nane alikuwa akitazama mlango. Nami nikakaa kando yake, na mi nililia, mtu wa kukasirika.

Mama Tshibola, jirani, akaja mbio, unga ungali mikononi.

"Kuna maiti?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Nani?"

"Mudogo wangu."

"Yule wa mwaka jana?"

"Yule yule."

Alivua viatu, akaviweka pembeni, akaketi upande wa pili wa Mama na kuanza kulia naye.