Disketi Kumi na Tatu

Kipya kidonda, ingawa kinyemi. Nililijua hilo Ijumaa moja ya mwaka 1996, nyumbani kwetu Nyanchwa, nikiweka mfumo mpya kwenye kompyuta kuukuu aliyoniachia marehemu mama. Praful, mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini Kisii, aliniahidi kazi ya kuchapa, mradi kufikia Jumatatu mashine yangu iwe inafungua faili za mfumo huo. La sivyo, ningerudi kijijini Gesima kuchuma majani chai ya shangazi.

Nilianza saa nane mchana, nikidhani saa tatu zingetosha. Mashine ilikuwa na kumbukumbu haba, ikatafuna kila disketi taratibu kama bibi kizee mwenye jino moja. Jua lilipokaribia kutua, nilikuwa kwenye disketi ya tisa kati ya kumi na tatu.

Baba, mzee wa kanisa, alisimama mlangoni na kitabu cha nyimbo.

"Nyanchoka, Sabato inaingia. Zima."

"Nikizima sasa inakufa, baba. Mfumo wa zamani umefutika, mpya haujakaa."

"Mungu aliumba dunia nzima, akamaliza kabla ya Sabato. Wewe kisanduku kimekushinda?"

"Mungu hakuwa akibadilisha disketi."

Hakucheka. Alinyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani. Nikaikinga kwa mgongo. Tulitazamana, kisha akaenda sebuleni, akafunga mlango.

Tangu mama afariki, Sabato tuliikaribisha wawili, yeye besi, mimi sauti ya kwanza. Jioni ile aliimba besi peke yake, ubeti baada ya ubeti, akiacha mapengo pale nilipozoea kuingia. Sikuingia. Niliweka disketi ya kumi.

Mwishowe mashine ilijiwasha upya, kioo kikajaa picha ya mawingu ya mfumo mpya. Niligeuka nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Jumatatu Praful alinipa kazi. Jumatano wazee wa kanisa wakaniita. Baba, aliyewaeleza kila kitu, aliketi mwisho wa benchi akiangalia kofia yake.

"Binti yangu," Mzee Ongeri akasema kwa upole, "Sabato ijayo simama mbele ya kanisa uombe radhi. Neno moja tu, yaishe. Baba yako aanze tena kuongea nawe."

Nilimtazama baba. Hakuinua uso.

"Nimewasikia, wazee wangu," nikasema. "Siombi radhi."