Matone ya Pacha

Msusi alijifungua pacha kabla miezi haijatimia, na tangu hapo hakupata usingizi wa kushiba. Wavulana wake wawili, wepesi kama kuku walionyonyolewa, walilazwa chumba cha watoto njiti, kila mmoja ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Yeye alishinda kwenye benchi nje ya mlango pamoja na akina mama wengine, vifua vimelowa, wakisubiri kuitwa kukamua maziwa. Alikamua mpaka vidole vilivyozoea kusuka nywele kutwa nzima vikafa ganzi.

Asubuhi moja muuguzi asiyemjua akaja kuketi kando yake.

"Mama Pacha, pole na wagonjwa. Mimi ni wa utafiti. Naomba unisikilize, halafu ukitaka kukataa, kataa."

Akamweleza taratibu. Watoto njiti wana matumbo machanga, na wengine matumbo hayo huvimba na kuharibika. Madaktari wanataka kujua kama bakteria wazuri, wale wanaokaa tumboni bila kudhuru, wanaweza kuwakinga wakichanganywa kwenye maziwa. Baadhi ya watoto watapewa matone yenye bakteria hao, wengine matone matupu yanayofanana nayo.

"Nani anachagua?"

"Kompyuta. Mimi mwenyewe sijui nani anapewa nini. Ninachojua ni kwamba pacha huwekwa kundi moja."

"Yaani niwape wanangu kitu ambacho hata wewe hukijui."

"Ndiyo, mama. Na siku ukibadili mawazo, unatoka. Hakuna atakayekununia."

Msusi akacheka kwa uchovu. "Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Hapa mpaka matone tunaulizwa."

Alitakiwa kurudia maelezo yote kwa maneno yake. Akarudia, akasaini. Baadaye hakuwa na hakika kama alikubali kwa kuwa ameelewa au kwa kuwa alitaka mtu yule amalize, apate kuegemea ukuta.

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alipokuja jioni na macho yake mekundu ya cheche, alisikiliza habari hiyo bila kuketi.

"Watoto wangu si panya."

"Hakuna aliyesema ni panya."

"Ungenisubiri basi."

"Nikusubiri nikiwa wapi, baba? Mimi hapa nalala nimesimama."

Hasira za fundi zilikuwa za kimya, zile zinazokaa chumbani kama harufu ya rangi.

Matone yakaanza. Muuguzi wa utafiti, ambaye wale wa kwenye benchi walimbandika jina Dada Matone, alikuja kila asubuhi na kuyapitisha kwenye mpira mwembamba wa kulishia. Kabla ya hapo alifunua blanketi, akatazama tumbo, akaligusa kwa ncha ya kidole, akaanza maswali. Mtoto amepata choo? Cha rangi gani? Kigumu au chepesi? Msusi alichoshwa na maswali hayo kuliko yote.

"Siku hizi nazungumzia choo kuliko ninavyosali," alimwambia mama wa kisanduku cha jirani.

Wauguzi wa zamu walikuwa wachache mno kwa chumba kile. Walipita mbio kama watu wanaoanua nguo mvua ikianza, na aliyetaka kuwauliza jambo ilibidi awafuate nyuma.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Dada Matone alifunua blanketi la pacha mdogo, akasimama. Tumbo lilikuwa limevimba likakaza, ngozi inang'aa. Akarudisha matone mfukoni.

"Mama, tumbo limekuwa hivi tangu lini?"

"Limekuwaje?"

Msusi alikuwa ametoka kumtazama mtoto huyohuyo. Alimwona amelala kimya, akamshukuru kwa kulala.

Daktari aliitwa, picha ikapigwa, maziwa yakasimamishwa, dripu ikatafuta mshipa kwenye kikono kisichozidi kidole gumba cha baba yake. "Tumewahi," daktari alisema. "Tungechelewa, utumbo ungetoboka."

Fundi alifika na aproni yake ya ngozi mwilini. "Ni hayo matone."

"Inawezekana," daktari alisema. "Na inawezekana siyo. Ugonjwa huu huwapata hata wasiopewa kitu."

"Basi angalieni huko kwenye kompyuta yenu tujue alikuwa anapewa nini."

"Kama jibu lingebadili matibabu, tungeangalia sasa hivi. Halibadilishi. Kwa huyu matone nimeshayasimamisha. Kwa mkubwa, mnaamua nyinyi."

"Tunawatoa wote."

"Mkubwa aendelee," msusi alisema.

Fundi akamgeukia mkewe kana kwamba amesikia sauti ya mtu mwingine. Wakatoka hadi kwenye benchi, na waliokuwa wamekaa hapo wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli.

"Hebu nielewe," alisema. "Mwenzake yuko na dripu, wewe unasema aendelee?"

"Sijui yale matone yana nini. Najua tu kwamba humu ndani ni yule dada peke yake anayefunua blanketi kila asubuhi. Mimi mama mzima nilitazama, sikuona. Mtoto akitoka kwenye utafiti, nani atamfunua?"

"Hiyo ni sawa na kununua soda kwa ajili ya kizibo."

"Hicho kizibo ndicho kilichomwokoa mdogo wake."

Fundi aliketi hatimaye, aproni ikakunjamana mapajani. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka wenye benchi wakaanza kurudi.

Mkubwa akaendelea. Dada Matone hakuacha kumfunua na mdogo. "Huyu simpi tena kitu," alisema, "namjulia hali tu." Mama wa jirani, ambaye mwanawe hakuwa kwenye utafiti, akamwomba amtupie jicho na wa kwake. Akamtupia. Tangu hapo kazi yake ya asubuhi ikawa inamalizika karibu na adhuhuri, na yeye naye akaanza kupiga miayo.

Mdogo alipona polepole, bila kupasuliwa. Walirudi nyumbani, ambako uchovu ulibadilika sura tu: mmoja akinyamaza, mwenzake anaanza. Mama mkwe alikuja kusaidia, akaondoka na maumivu ya kiuno.

Pacha walipokuwa wanatambaa, wazazi waliitwa hospitali kuelezwa matokeo. Msusi alimwambia mumewe aende peke yake. Alasiri fundi aliporudi, alimkuta mkewe amelala mkekani kati ya watoto. Akaketi mlangoni kuvua viatu.

"Walikuwa wanapewa bakteria wenyewe. Wote wawili."

Msusi alifumbua jicho moja. "Na wengine waliendaje?"

"Waliopewa waliugua pungufu kidogo. Lakini wanasema upungufu wenyewe ni mdogo, huenda ni bahati tu. Nikanyoosha mkono nikauliza, na wangu asingepewa, ingekuwaje? Daktari akasema hajui. Mbele ya watu wote."

"Ulimkasirikia?"

Fundi alifikiri. "Nilikwenda na hasira zangu zimeiva. Sikuona pa kuzipakulia." Akaweka kiatu cha pili kando ya mwenzake. "Wanaomba kuwafuatilia watoto mpaka waanze shule. Nimewaambia nitakuuliza kwanza."

Jicho la msusi lilikuwa limeshafumba. Mkubwa akaanza kujinyonganyonga, midomo ikijiandaa kulia, na fundi akamwinua kabla hajamwamsha mdogo wake, akatoka naye uani, akaurudisha mlango kwa kisigino.