Mpungate wa Baba Amir

Harith aliununua mpungate ule soko la Edmonton Green, huko ughaibuni, mwaka tisini na mbili, mdogo kama ngumi ya mtoto, ndani ya kikopo cha plastiki. Mkewe, Mwanamwema, alicheka.

"Umeacha maua yote, ukaniletea miba?"

"Huu hauna makuu, Mama Amir. Unataka jua na kuachwa."

Lakini mwenyewe hakuuacha. Aliuhamishia kwenye chungu, akachanganya udongo na mchanga wa chenga ili maji yasituame, akauweka dirisha la jikoni. Kiangazi aliumwagilia pale tu udongo ulipokauka kabisa. Baridi ikiingia aliunyima maji mpaka mkewe akauonea huruma. Mwezi wa Mei mmoja ulichanua maua ya waridi, yakauzunguka utosi kama kilemba. Harith alishuka ngazi kumwita jirani yao Jaya aje aone.

Ugonjwa wa Harith ulianza na majina ya watu. Ikafuata njia ya kwenda msikitini. Alipostaafu kazi yake ya ukarani, akaanza kusahau kama ameshamwagilia. Atamwagilia asubuhi, akakae sebuleni kidogo, arudi amwagilie tena. Mwanamwema alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha, kwa hiyo alijua anachokiona. Hakumwambia mtu. Alificha jagi, Harith akautilia chai.

Siku moja Mwanamwema aliugusa kwa kidole, kidole kikazama. Chini umegeuka rangi ya kahawia na unanuka. Akaufunga kwenye gazeti, akautupa. Akitoka kazini alinunua mwingine wa kimo kilekile, akaupanda kwenye chungu kilekile.

Harith alisimama mbele ya dirisha.

"Huu si wangu."

"Ndio huohuo, Baba Amir."

"Wangu umeinamia kioo. Huu umesimama wima." Akamgeukia. "Dada, mke wangu akirudi, mwambie anitafutie mpungate wangu."

Mwanamwema alishika ukingo wa sinki. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuitwa hivyo.

"Umekufa," akamwambia. "Maji yalizidi, ukaoza."

"Nani aliumwagilia?"

"Mimi."

Uso wa Harith ulibadilika. "Mwanamwema! Mara ngapi nimekwambia? Wewe husikii!"

Akafoka mpaka sauti ikamkauka, kisha akakaa kitini akalia. Kesho yake akauliza tena mpungate wake uko wapi. Na kesho kutwa. Kila asubuhi Mwanamwema alimpa habari ile ya msiba upya, na kila asubuhi akajitwisha lawama.

Jumapili mtoto wao Amir alikuja, akayasikia hayo. Akamvuta mama yake ukumbini, akamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anamtesa mzee bure. Kwa nini asimwambie tu kwamba mpungate uko dukani unatunzwa?

"Nikimwambia uko dukani ataridhika," alijibu mama. "Atanishukuru kama anavyomshukuru dereva wa basi. Akinikasirikia, baba yako ananijua."

Amir alichukua koti lake akaondoka.

Waliendelea hivyo kipupwe chote. Kisha, asubuhi moja ya ukungu, Harith hakuuliza. Mwanamwema alimtilia uji, akaketi mbele yake, akangoja. Harith alikunywa, macho kwenye bakuli.

"Baba Amir," alianza mwenyewe. "Mpungate wako ulioza. Mimi niliumwagilia maji mengi."

Harith aliinua uso, akamtazama kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri.

"Pole sana, bibi," akasema, akaendelea na uji wake.

Mwanamwema alimfuta kidevu. Mwezi uliofuata aliacha kazi, akabaki naye nyumbani. Ule mpungate mwingine alimpa Jaya.